Kitasa Kisichotengenezeka Kina Mwenyewe Mwingine

Wahenga walituusia kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Usia huo unachukulia kwamba mlango utafunguka. Katika enzi hii ya sayansi na teknolojia, hakikisho hilo limeanza kutegemea mambo ambayo mwenye nyumba hana uwezo nayo. Katika baadhi ya majumba mapya ya kupangisha, hoteli na ofisi za miji yetu, ufunguo wa chuma unaipisha namba ya siri, alama ya kidole, kadi na rununu. Makala haya hayavipingi vitasa hivyo vya kielektroniki, ambavyo kwa mfano wa simu janja tunaweza kuviita vitasa vijanja. Yanadai jambo moja tu: viundwe kwa moduli, yaani vipande vinavyotenganishika, ili kipande cha kielektroniki kikiharibika kiondolewe na kingine kitiwe pahali pake, bila kukitupa kitasa kizima.

Kitasa kijanja ni ndoa ya vitu viwili vyenye umri usiolingana. Kwanza ni chuma: komeo linaloingia katika fremu, sanduku linalolibeba, na springi zake. Pili ni sehemu ya elektroniki: kibao cha tarakimu au kisomaji cha alama za vidole kilicho nje, bodi ya saketi inayoamua ni nani aruhusiwe, redio ya kuwasiliana na rununu, mota ndogo inayolisukuma komeo, na betri, aghalabu 4 za volti 1.5 kila moja. Chuma kinachotunzwa kinaweza kumtumikia babu na mjukuu. Elektroniki huzeeka upesi: vitufe huchakaa, betri huvuja, unyevu na hewa ya chumvi ya pwani huila bodi. Hata pasipo ubovu wowote, mtengenezaji huweza kuacha kuihudumia programu yake. Vitu hivi viwili vikigandishwa katika mwili mmoja, chuma kizima huzikwa pamoja na bodi iliyokufa.

Wazo la kutenganisha si geni. Kitasa cha silinda, ambacho Mmarekani Linus Yale Mdogo alikipatia hataza katika miaka ya 1860, kinatupa funzo hilo hilo. Leo ufunguo wake ukipotea, fundi hufungua skrubu, akachomoa silinda na kutia nyingine. Sanduku na komeo hubaki mlangoni.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili hatuhitaji kwenda mbali kulielewa jambo hili. Mzizi -fung- haubadiliki, lakini kwa kuupachika viambishi tunapata funga, fungia, fungisha, fungwa na ufunguo. Kiambishi kimoja kidogo cha kutendua, -u-, kinageuza kufunga kuwa kufungua. Hakuna anayeutupa mzizi kwa sababu ametaka kubadilisha nafsi au wakati. Chuma cha kitasa ndicho mzizi. Vipande vya elektroniki ni viambishi. Hata hivyo, mfano huu una sharti lake. Viambishi hupachikwa kwa kanuni zinazojulikana na wasemaji wote. Si siri ya mmoja wao. Vivyo hivyo, vipimo vya matundu, plagi za nyaya na lugha ambayo vipande huzungumza baina yao havina budi kufuata viwango vilivyo wazi. Kitasa kinachokubali kipande cha kampuni moja tu kina moduli za jina.

Kipo kisa kinachothibitisha haya. Mnamo Agosti 2017, kampuni ya LockState ya Marekani ilituma kupitia mtandao sasisho la programu lililokusudiwa aina nyingine ya vitasa vyake. Takriban vitasa 500 vilipotewa na akili, visiweze hata kupokea sasisho la kuvirekebisha. Wateja, wakiwemo wenye nyumba za kukodisha kwa wageni, walipewa hiari mbili: kurudisha sehemu ya nyuma ya kitasa irekebishwe kwa siku 5 hadi 7, au kungoja sehemu nyingine kwa siku 14 hadi 18. Tuzingatie kwamba ufunguo wa chuma uliendelea kufanya kazi, na kwamba sehemu ya nyuma iliweza kuondolewa peke yake. Muundo wa vipande ndio uliopunguza hasara. Lakini laiti kipande hicho kingalikuwa kinauzwa madukani, ni nani angalihitaji kungoja wiki mbili?

Wapo watakaosema kuwa kitasa kinachofunguka kirahisi kwa fundi kitafunguka kirahisi kwa mwizi. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Jibu lake limo katika mpangilio. Skrubu zote ziwe upande wa ndani. Kibao cha nje kipeleke tarakimu tu, na uamuzi ufanywe na bodi iliyo ndani, ili mwizi akikibandua akute nyaya zisizomfaa. Tena kipande kipya kisikubaliwe mpaka mwenye nyumba akisajili akiwa ndani. Watasema pia kwamba viunganishi huongeza bei na huwa mianya ya unyevu. Ni kweli, lakini mianya huzibwa kwa mpira, na bei ya kipande kimoja haifikii ile ya kununua kitasa kipya kila bodi inapokufa.

Kwetu Kenya suala hili lina uzito wa pekee. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilikadiria kuwa taka za elektroniki duniani zilifika tani milioni 62 katika mwaka wa 2022, na chini ya robo yake ndizo zilizorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sheria yetu ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtwika mzalishaji wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya kutumika. Wajibu huo usingoje jaani. Uanzie mezani pa mbunifu. Mafundi wa Luthuli Avenue jijini Nairobi, wanaobadilisha vioo na betri za rununu kila uchao, hawashindwi na bodi ya kitasa. Wanachohitaji ni vipuri na maelezo.

Hapo ndipo taaluma yetu inapoingia. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na maelezo ya kitasa cha mlango wa Mkenya yanastahili kuandikwa kwa lugha hiyo. Maneno kadhaa tunayo tangu jadi: komeo, kia, tumbuu, bawaba. Yasiyokuwepo tuyaunde tukiwa na fundi kando yetu, wala si kwa kujifungia na kamusi.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, utakapouliza bei ya kitasa kijanja, uliza na haya: kipande hiki kikifa, nitakipata wapi, na ni nani atakayekitia? Muuzaji akikosa jibu, jua kwamba kitasa hicho, hata kikikaa mlangoni pako, kina mwenyewe mwingine.