"Nyamaza Tu" Haimlindi Mtu

Vijana wenzangu, hapa Jabe ikijulikana kwamba fulani anapenda wa jinsia yake, wenye huruma wanamwambia hivi: "Nyamaza tu, utaishi." Sababu wanayo. Tangu 2009 sheria ya Burundi inasema ni kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 2. Na mkimbizi akishikwa, nani atamtetea?

Lakini munajua kama kuna jeshi zima lilijaribu hiyo "nyamaza tu"? Ni jeshi la Marekani. Sheria ya 1993 ilisema: hatutakuuliza, na wewe usiseme. Ilionekana kama huruma. Mpaka inafutwa Septemba 2011, askari zaidi ya 13,000 walikuwa wamefukuzwa. Kunyamaza hakukuwaokoa, juu siri haikai kwa mwenyewe peke yake. Barua inaonekana, rafiki anakasirika, mwingine anasema: "Nipe pesa ao nakusema kwa mkubwa." Na askari aliyetoka vitani na moyo umeumia, anaogopa kufungukia hata daktari. Mtu kama huyo anabeba bunduki, anabeba na woga wa wenzake.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Haya, tuangalie askari wa Afrika Kusini, wale tuliowaona Goma. Katiba yao ya 1996 inakataza kumbagua mtu kwa ajili ya yule anayempenda, na jeshi lao liko chini ya katiba hiyo. Sisemi kila mmoja wao anapendwa kambini. Nasema kuna sheria upande wake, anaweza kushitaki asifukuzwe.

Sisi wakimbizi tunajua kujificha ni nini. Kwenye bariere umeficha kabila, umeficha lugha ya mama yako. Kwa siku moja unaweza. Ikiwa ni maisha yote, inakula mtu pole pole, hata usingizi unakwisha.

Siombi mtu atoke barabarani kujitangaza, hapa ni hatari. Naomba kitu kidogo kwetu sisi tunaosikia. Mwenzako akikuambia siri yake, usiipeleke kwa wengine. Usimcheke, usimtishe akupe pesa. Kila siku tunamwambia yeye anyamaze. Wa kunyamaza ni sisi.

Munaonaje? Karibuni tujadili, bila matusi.