Bwawa la Umeme na Lugha ya Wenyeji

Umeme wa nguvu za maji husifiwa katika nchi zinazoendelea, na si bure. Maji hayaagizwi ng'ambo kama mafuta. Kenya ililitambua jambo hilo mapema. Bwawa la Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Yote matano yamo katika Mto Tana, yamepangana mithili ya ngazi. Masinga, lililo juu kabisa, ndilo ghala la kuhifadhi maji ya masika ili mitambo ya chini isikwame wakati wa kiangazi.

Hata hivyo, ghala hilo lina gharama isiyoonekana katika hesabu ya megawati. Tangu jadi, Wapokomo walilima kingo za Tana kwa kufuata mafuriko ya msimu, yaliyoiachia ardhi rutuba na unyevu. Waorma nao waliteremsha mifugo yao huko wakati wa ukame. Maji yalipozuiliwa juu, mafuriko hayo yenye manufaa yalipungua. Yale ya maangamizi hayakukoma: mvua za mwaka 2024 ziliyafurisha mabwawa, na waliokaa kando ya mto, hata Garissa na Tana River, wakatakiwa wahame.

Mimi ni mwanaisimu, si mhandisi. Kwa hivyo swali langu ni la lugha. Je, watu hao huelezwa nini, na kwa lugha gani? Kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 ziliagiza mradi utangazwe redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na mikutano ya hadhara ifanywe. Hilo ni jema. Lakini kutangaza si kueleza. Ripoti yenyewe kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, mwenyeji asiambulie ila muhtasari wa mdomo. Mtaalamu akitaja fidia, huwazia thamani ya ekari. Mkulima huwazia pia msimu wa maji, ambao hakuna hundi iwezayo kuurudisha. Wawili hao hukubaliana juu ya neno moja lenye maana mbili.

Yamkini wapo watakaodai kwamba tafsiri itachelewesha maendeleo. Siafikiani nao. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi, na kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi. Atashirikije asiyeelewa?

Basi kabla ya bwawa jingine kujengwa, ripoti nzima na itolewe kwa Kiswahili, na muhtasari wake kwa lugha za wenyeji. Nanyi walimu wenzangu, wapeni wanafunzi wenu kazi ya kukusanya msamiati wa mto kutoka kwa wazee wa Tana. Bila msamiati huo, mfasiri atapata wapi maneno ambayo mkulima atayaelewa?