Unalipa boksi, unakataa kulipa akili

Wasee wa Subaru, leo nawachokoza na sitaomba msamaha. Pita Kibera Drive Jumamosi yoyote, ama gereji za Kawangware kando ya Naivasha Road, utapata stori ni ile ile. Impreza ya miaka ya 90 iko boneti juu, injini haitulii. Mshale unapanda 1,500, unaanguka 500, unapanda tena, gari inatetemeka kama imeshikwa na malaria. Mwenye gari anatukana fundi. Ati plagi zimebadilishwa, koili zimebadilishwa, mpaka pampu ya petroli, na bado. "Hawa mafundi wa ghetto ni wezi tu."

Twende pole pole. Fundi alikuomba umwachie gari mpaka jioni aitazame. Ukamuuliza kutazama ni ngapi. Aliposema elfu moja ukacheka: "Yaani kuangalia tu?" Basi akafanya kile unachokubali kulipia. Akatuma mtu Grogan, akaletewa kitu kwa boksi, akafunga. Boksi unaielewa. Saa mbili za mtu kuinama na tochi akifuata mipira ya hewa mmoja mmoja, hizo kwako ni bure.

Na mara nyingi shida iko hapo hapo kwa mipira. Gari ikiwa imesimama, injini inavuta hewa kidogo sana. Kompyuta inaipima na sensa iliyo karibu na filta, kisha inamwaga petroli kulingana na hicho kipimo. Sasa mpira wa miaka 25, uliochomwa na joto la turbo kila siku, unapata ufa. Hewa inaingia bila kupimwa. Hesabu inaharibika, kompyuta inajaribu kurekebisha, inapitisha, inarudi nyuma, inapitisha tena. Ndiyo maana mshale unacheza. Ukikanyaga mafuta gari inaonekana poa, kwa sababu hewa imekuwa nyingi na ile ya ufa ni kama tone kwa ndoo. Niambie pampu mpya ya petroli itaziba vipi mpira uliopasuka.

Inaweza kuwa kitu kingine, sikatai. Ile vali ndogo inayopitisha hewa ukiwa hujakanyaga mafuta hujaa masizi. Sensa ya joto inaweza kudanganya kompyuta kwamba injini bado baridi. Lakini masizi yanasafishwa na sensa inapimwa kwa multimita kabla ya kununua nyingine. Na kile kidude cha Bluetooth ulichoagiza mtandaoni hakitasoma gari ya Japani ya miaka hiyo. Nyingi zina soketi mbili nyeusi chini ya dashibodi: unaziunganisha, unafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini inapepesa. Ndefu ni makumi, fupi ni mamoja. Kuna wazee Kibera wanasoma hiyo taa kama gazeti. Hata hivyo ufa wa mpira unaweza kukosa kuandika kodi yoyote, kwa hivyo tunarudi kwa yule mtu na tochi.

Halafu kuna hii ya "pshiii". Mmetoa vali ya kiwanda mkaweka ya kumwaga hewa nje ndio wasichana wa stage wageuke. Hiyo hewa kompyuta ilikuwa imeshaihesabu na kuimwagia petroli! Ya kiwanda huirudisha kwa bomba, kati ya sensa na turbo. Nyinyi mnaitupa, petroli inabaki bila mwenzake, ukiachilia mafuta injini inakabwa na karibu izime pale taa za Adams. Kisha fundi ndiye mjinga.

Sisemi mafundi ni malaika. Kuna wale wanachomoa terminali ya betri, kompyuta inasahau, gari inatulia kidogo, wanachukua pesa yao. Hao wakemewe. Lakini wewe mwenyewe ulichagua anayemaliza haraka. Na gari ikipelekwa Westlands, kwa gereji yenye sofa na kahawa, risiti ikiandikwa "uchunguzi" unalipa kimya bila kucheka mtu.

Kinachoniuma zaidi ni yule kijana wa miaka 17 anayeshika spana pembeni. Anajifunza kwa kuona. Kama kila mteja analipia kufunga pekee, atajua kufunga pekee, na akifika NITA kufanya mtihani wa ufundi atakuwa na mikono bila maswali. Na hizi gari haziongezeki. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hivyo Impreza ya umri wa ile McRae alishinda nayo Safari 1997 haiji tena kwa meli. Tulizo nazo ndizo hizo, na huyo kijana ndiye atakayezitibu.

Jumamosi ukifika, mwambie fundi hivi: "Shika hii elfu ya kutafuta shida. Usinunue kitu mpaka unionyeshe iko wapi." Mwache afanye kazi, acha kumpigia kila dakika kumi. Na hiyo vali ya pshiii, rudisha ya kiwanda kabla hujafika. Kama uliiuza, hiyo ni yako na wasichana wa stage.