Dhamana huwekwa, hainunuliwi

Hapa Kiserian, kama ilivyo katika miji mingine mingi ya Kenya, kijana akikamatwa na polisi jamaa zake huambizana kwamba sharti "wamnunulie bondi". Husema hivyo mchuuzi wa sokoni, mwendeshaji bodaboda, na hata mwalimu aliyehitimu. Msemo huo umezoeleka mno hata hakuna anayeutilia shaka. Mimi nautilia shaka, kwa kuwa kitenzi hicho kimoja, kilichotumiwa pasipo mahali pake, huwapotezea wanyonge fedha na haki yao.

Kununua ni kutoa fedha zisirudi, ukapata kitu badala yake. Kutozwa faini ni kutoa fedha kwa sababu hatia imekwisha kuthibitishwa. Dhamana si hili wala lile. Neno lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ni kubeba jukumu ili ahadi itimizwe. Mtuhumiwa, au mdhamini wake, huahidi kwamba mtuhumiwa atafika mahakamani kila atakapohitajika. Akitimiza ahadi hiyo hadi kesi iishe, fedha alizoweka hurudishwa. Akitoroka, ndipo zinapotwaliwa na serikali.

Anayeamini kwamba amenunua hakumbuki kurudi kudai fedha zake. Tena, akisimama mbele ya kaunta ya kituo cha polisi, hawezi kutofautisha dhamana na hongo. Kwake zote mbili ni bei ya kutoka korokoroni. Ilhali fedha za dhamana huandikiwa risiti rasmi, na hati ya dhamana yenyewe haitozwi ada.

Sheria haina utata. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawepo sababu nzito za kumzuia. Kabla ya Katiba hiyo, walioshtakiwa kwa mauaji au wizi wa mabavu hawakuwa na haki hiyo, leo wanayo. Kifungu hicho hicho kinaagiza kwamba mtu asizuiliwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi 6. Kinaagiza pia afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Muda huo ukimalizikia siku ambayo mahakama haiketi, husogezwa hadi mwisho wa siku inayofuata ya kazi. Ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa jioni aweza kulala ndani hadi Jumatatu, na ndiyo maana dhamana ya polisi ina thamani kubwa mwishoni mwa juma.

Jambo linalonigusa zaidi kama mwanaisimu ni kwamba Katiba inataka mtu aelezwe sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Mfugaji aliyelelewa kwa Kimaasai akisomewa shtaka kwa Kiingereza, hajaelezwa kitu.

Lakini kuelewa pekee hakutoshi. Mara nyingi mdhamini hutakiwa kuleta hatimiliki ya shamba au kitabu cha gari. Mpangaji wa chumba kimoja atavitoa wapi? Wapo wanaokubali makosa ambayo hawakuyatenda, mradi walipe faini waende nyumbani. Hapo methali isemayo kwamba mnyonge hana haki inathibitishwa mahakamani, mahali inapopaswa kukanushwa. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inakataza dhamana ya kupita kiasi, na hakimu ana uwezo wa kumwachilia mtu kwa ahadi yake mwenyewe. Masharti yakiwa mazito, mshtakiwa aweza kuiomba Mahakama Kuu, ambayo ina kituo mjini Kajiado, iyapunguze.

Najua watakaosema kwamba dhamana huwarudisha wahalifu mitaani. Hofu yao si ya kupuuzwa, hasa kwa aliyeibiwa ng'ombe kisha akakutana na mshukiwa sokoni. Hata hivyo, mshukiwa si mhalifu mpaka ithibitishwe, na kuachiliwa kwa dhamana si kuachiliwa huru. Kukiwa na ushahidi kwamba atatoroka au atawatisha mashahidi, mahakama yaweza kumnyima dhamana.

Walimu wenzangu, somo hili halihitaji mtaala mpya. Kipindi kimoja cha msamiati chatosha: mwanafunzi apewe maneno dhamana, faini na hongo, atunge sentensi, kisha aulizwe ni fedha zipi hurudi, zipi hazirudi, na zipi hazipaswi kutolewa kabisa. Siku ndugu yake atakapokamatwa, huenda akawa ndiye pekee nyumbani anayejua kuomba risiti.