Gari la Umma na Orodha ya Starehe

Wananchi wapenda mageuzi, tumezoea kuyahukumu magari ya wakubwa kwa majina yake. Ikipita nyota ya Mercedes tunasema, "Hao Wabenzi," nasi tunadhani shauri limekwisha. Halijakwisha. Jina la gari ni mwanzo tu wa ankara. Nyuma yake iko karatasi nyingine ambayo mlipa kodi haonyeshwi, na humo ndimo starehe inamojificha.

Anayeagiza gari jipya la kifahari kutoka kiwandani haagizi kitu kimoja. Huanza na gari lenyewe kwa bei ya msingi, kisha huwekewa mbele orodha ya nyongeza, kila moja na bei yake: ngozi bora ya viti, paa la kioo, viti vya kukanda mgongo, milango inayojivuta yenyewe ikajifunga, taa za ndani za kubadili rangi, na mlango unaofunguka bila ya mtu kutoa ufunguo mfukoni. Nyingine haziuzwi peke yake bali hufungwa katika furushi, hivi kwamba anayetaka jambo moja la maana hubeba pamoja nalo manne ya anasa. Hata viti vya kupashwa joto vimo katika orodha hizo. Mtu wa Garissa na acheke kwanza, kisha tuendelee.

Mtu binafsi akinunua hayo kwa jasho lake, hatuna neno naye. Swali letu ni la yule anayetia alama katika visanduku vya orodha hiyo huku kalamu ikiwa yake na mfuko ukiwa wetu.

Kifungu cha 2A, kilichotiwa katika Katiba mwaka 1982, kilifutwa Desemba 1991, na wengi waliamini kwamba chama kimoja kikiondoka, tabia zake zitafuata nyuma. Utawala wa NARC uliingia Desemba 2002 ukiahidi kuizika rushwa, nao ulikuwa na watu waliowahi kuwekwa kizuizini kwa ajili ya mageuzi. Lakini Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, pamoja na tawi la Kenya la Transparency International, zilihesabu kwamba kati ya Januari 2003 na Septemba 2004 serikali hiyo ilitumia zisizopungua shilingi milioni 878 kununua magari ya kifahari. Walikadiria kuwa fedha hizo zingewasomesha watoto 25,000 kwa miaka minane. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama jana walilala njaa pamoja.

Mwaka 2009 likaja agizo la Waziri wa Fedha kwamba mawaziri wayarudishe magari yenye injini inayozidi sentimita za ujazo 1,800, na zikanunuliwa Volkswagen Passat zaidi ya 100 badala yake. Wapo mawaziri waliolipinga agizo hilo kwa sauti, kana kwamba wameambiwa wapande punda. Sisi tunalikumbuka kwa sababu nyingine. Agizo lilipima injini, likasahau orodha. Gari la injini ndogo laweza kujazwa nyongeza mpaka bei yake ikalipita la injini kubwa lisilopambwa. Tena injini ndogo za siku hizi, kwa kusukumiwa hewa na turbo, hutoa nguvu ambazo zamani zilihitaji injini kubwa. Kwa hiyo kipimo cha injini hakimzuii mwenye tamaa. Humfundisha tu pa kupitia.

Twajua jibu tutakalopewa: kwamba nyongeza hizo ni kwa ajili ya usalama wa kiongozi. Basi na tuichukue moja tu, huo mlango usiotaka ufunguo, ambao Mercedes waliuingiza katika magari yao makubwa mnamo 1998. Utendaji wake si uchawi. Mkono ukigusa kitasa, gari hutoa mawimbi mafupi ya kuuita ufunguo; ufunguo ulio karibu hujibu kwa namba ya siri, na mlango hufunguka. Gari hudhani kwamba ufunguo unaojibu uko hatua moja tu kutoka mlangoni. Wezi wameipata dosari hiyo. Mmoja husimama karibu na nyumba akiwa na kifaa cha kupokea na kukuza mawimbi, mwenziwe husimama karibu na gari akiwa na kifaa cha pili. Ufunguo uliolala mezani huitwa, hujibu, na gari huondoka bila kioo kuvunjwa. Chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, kimepima mamia ya magari ya namna hiyo na mengi sana yamefunguliwa kwa hila hii. Watengenezaji wengine sasa wametia funguo zinazopima umbali, na Uingereza watu huuhifadhi ufunguo katika kifuko chenye nyuzi za madini ili mawimbi yasipenye. Yaani nyongeza imenunuliwa, kisha kinunuliwe kifuko cha kuizima! Huo ndio usalama tunaoambiwa tuulipie. Na ufunguo wa namna hiyo ukipotea, fundi wa kawaida hawezi kuuchonga. Sharti utambulishwe kwa gari kwa mtambo maalumu.

Hatusemi kwamba gavana wa Turkana au Tana River apande baiskeli wakati wa mvua. Gari imara lenye nguvu katika magurudumu manne ni chombo cha kazi huko, na tungelitetea mbele ya mtu yeyote. Mikanda, mito ya hewa na breki njema ni haki ya dereva pia, ambaye mara nyingi husahaulika katika mazungumzo haya.

Ndugu zetu wa makanisa wanaijua habari hii kutoka mbali. Torati ilimwonya mfalme asijiongezee farasi. Nabii Samweli aliwaambia watu kwamba mfalme atawachukua wana wao wayakimbilie magari yake. Sulemani hakusikia, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme chaeleza kwamba gari moja lililoletwa kutoka Misri liligharimu shekeli 600 za fedha, na farasi 150. Mwandishi yule aliona vema kuiandika bei, miaka yote hiyo, na makarani wetu wanaificha. Mwanawe Rehoboamu alipoombwa kuipunguza nira, alikataa, na makabila kumi yakaondoka.

Wala kanisa lisijitoe katika hesabu. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa fedha alizotoa Rais kwa parokia ya Soweto. Tulifurahi. Lakini tunauliza, magari mangapi yaliyoegeshwa penye nyumba za wachungaji yalitolewa na wanasiasa, na yakiwa na nyongeza zipi? Aliyepewa gari na mkubwa huona vigumu kuuliza mkubwa amepata wapi lake.

Julai 2024, baada ya vijana kuujaza mji kwa ajili ya Mswada wa Fedha, na wengine wao kuuawa, serikali ilitangaza kusimamisha ununuzi wa magari mapya kwa miezi 12, isipokuwa ya vyombo vya usalama. Miezi hiyo imekwisha kupita. Ibara ya 201 ya Katiba ya 2010 yataka fedha za umma zitumiwe kwa busara na uwajibikaji, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yaruhusu raia yeyote kuandika ombi, kwa Kiingereza au Kiswahili, na kujibiwa ndani ya siku 21.

Basi kila kamati yetu iandike kwa kaunti yake na kwa wizara moja. Msiulize idadi ya magari peke yake. Ombeni karatasi ya kuagizia ya kila gari lililonunuliwa tangu 2022, pamoja na bei ya msingi, kila nyongeza na bei yake, na jina la cheo kilichoziidhinisha. Wekeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Siku 21 zikipita kimya, pelekeni nakala hiyo kwa Tume ya Haki ya Utawala, na nyingine mtuletee sisi.