Tujuane kabla ya balaa

Vijana wenzangu wa Isebania,

Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likienda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Wavamizi waliwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Akina mama wakawapa Wakristo hijabu wajisitiri. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Allah amrehemu.

Sasa tujiulize sisi. Hapa mpakani Waislamu ni wachache. Sokoni tunauza na Wakristo, kwenye steji ya boda tunangoja abiria nao, Sirari tunavuka pamoja. Lakini jioni ikifika, kila mtu na wake. Jirani anatusikia redioni tu, siku ya mlipuko. Atatujuaje?

Wengine wanasema hiyo ni kazi ya masheikh na maaskofu. Hapana. Wao wakishapiga picha ya pamoja wanarudi nyumbani. Sisi ndio tunashinda mtaani. Basi tuanze: mechi ya mpira, lakini timu zichanganywe, isiwe msikiti dhidi ya kanisa. Usafi wa soko. Ramadhani, mwite mwenzako mfuturu pamoja, umwache aulize chochote, hata kinachouma.

Na hili ni suala la haki pia. Kijana wetu akikamatwa bila kosa, atakayemtetea ni yule anayemjua. Na wao wakionewa, tuwe wa kwanza kusimama nao.

Ujirani haukopwi siku ya shida.