Majina ya Wapagazi

Tarehe 17 Novemba 1874 msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo kuelekea bara. Watu wake walizidi 300, na wengi wao waliandikwa kazi Unguja. Februari 1875 walikata nchi ya Usukuma kwa njia ya bonde la Simiyu, mto ambao mkoa wetu umechukua jina lake, wakatua Kagehi ukingoni mwa Ziwa Victoria.

Stanley alibeba kalamu, karatasi za kuchorea na kamera. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1878, na Ulaya ikaijua nchi hii kwa macho ya mpita njia. Mto Simiyu aliufanya chanzo cha kusini kabisa cha Nile, akiunganisha nao hata maji ya upande wa Iramba, ambayo kwa kweli huishia bonde la Wembere. Kosa hilo lilitiwa katika ramani, na ramani ikaaminiwa kuliko wenyeji.

Hata hivyo hatupendi kazi hiyo itupwe. Huko Marekani, Karl Bodmer, naye mgeni, aliwachora Wamandani wa Mto Missouri mwaka 1833 na 1834. Mwaka 1837 ndui ikawafyeka wengi mno wa watu hao, na michoro ile ikabaki ushahidi wa sura na mavazi yao. Katika kitabu cha Stanley pia mna jambo ambalo wenzetu wa visiwani hawana budi kulidai: orodha ya majina ya wapagazi waliofia safarini. Manwa Sera, nahodha wao, na Uledi, mshika usukani wa mashua, wanatajwa humo waziwazi. Huenda wajukuu wa waliotajwa wangali Unguja, wala hawajui kwamba babu zao wameandikwa.

Twaziomba wizara zinazohusika na utamaduni, Bara na Zanzibar, ziichape orodha hiyo kwa Kiswahili, majina yakirudishiwa matamshi yake, maana Stanley aliyaandika kwa sikio la Kiingereza. Nako huku, ramani na michoro ile ionyeshwe kwa wazee, wayasahihishe majina ya mito na vijiji wangali hai. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yaweza kuanzia Shishiyu, kwa walimu wawili na nakala moja ya ramani ya 1878.